Namna Gani Habari Mpya Inafika Ndani ya Navigatere?



Siku ile matokeo ya egzameni ya Leta yanangojewa, mnajua wafinaliste wetu wanakuwa namna gani. Telefoni mkononi, kidole kinafungua ukurasa ule ule mara mia. Kila mara maneno ya jana. Wanafunga, wanafungua tena. Saa moja inapita, forfe imekwisha, matokeo bado hayajatoka, na yule ambaye feza yake ilikuwa ya juma nzima anabaki kuomba unite kwa wenzake. Kiisha pale wengi walituuliza: kama serveri iko na habari mpya, sababu gani haituiti? Sababu gani ni sisi tu tunapashwa kugonga mlango?

Tuliona swali hili linastahili somo zima. Namna za kuifanya serveri iite ziko, tena si moja. Zinapitana kwa bei, na zinapitana kwa jambo lingine ambalo watu hawalifikiri sana: mstari ukikatika, ni nani anajua?

Tushike kwanza maneno mawili. Navigatere ni programu ile tunafungulia kurasa za intaneti. Vitabu vingine vya Kiswahili vinaiita kivinjari. Serveri ni ordinatere iliyo mbali, labda Kinshasa, labda Ulaya, ambayo inatunza kurasa na kuwagawia wenye kuziomba. Tutatumia vile vile neno okteti: hesabuni okteti moja kuwa fasi ya herufi moja. Mega moja ni okteti milioni moja.

Serveri haisemi mbele ya kuulizwa

Kanuni ambayo navigatere na serveri wanasemezana nayo inaitwa HTTP. Ilizaliwa ku CERN, pale Geneva katika Uswisi, mikononi mwa Tim Berners-Lee. Aliandika shauri lake la kwanza mwaka 1989, na mwaka 1991 watu wa nje ya CERN walianza kupata kazi yake. Wakati ule haja ilikuwa kusoma makaratasi ya wataalamu. Unaomba karatasi, unapewa, mambo yamekwisha. Kwa kazi ile hakuna kanuni iliyo rahisi zaidi, na ndiyo sababu ilienea dunia nzima.

Wazeni sekretere wa masomo ndani ya buro yake, nyuma ya kidirisha. Mtu akigonga, anamjibu. Mtu akiondoka, sekretere anamsahau. Hatoki nje kutafuta watu ku interna na kuwaambia kama orodha imekwisha kubandikwa ku valve. Serveri iko vile.

Mtu atasema: basi tuipe adrese ya telefoni yetu kusudi ituite. Haiwezekani hivi hivi. Telefoni zetu nyingi ziko nyuma ya mashini za kampuni ya telefoni, nyingi zinashiriki adrese moja ya nje, na mashini zile zinaruhusu paka jibu la mtu aliyetangulia kuuliza. Mgeni anayetoka nje na kusema "naomba kuingia" anarudishwa. Kwa hiyo namna zote tutakazoeleza zinaanzia pamoja: navigatere ndiyo inagonga kwanza. Tofauti iko kwa yale yanayofuata.

Kuuliza-uliza

Namna ya kwanza ni kumtuma mdogo mmoja wa interna kila dakika: "Nenda uulize kama orodha imetoka." Anaenda, anarudi: "Hapana." Anaenda tena.

Hii ndiyo namna ya zamani zaidi, na iko na historia ya kuchekesha. Pale Uingereza, ku masomo makubwa ya Cambridge, wataalamu wa ordinatere walikuwa na birika moja ya kahawa nje ya chumba kinachoitwa Trojan Room. Wengine walifanya kazi katika sehemu zingine za nyumba. Walipanda ngazi, wakifika wanakuta birika tupu. Mwaka 1991 waliweka kamera mbele ya birika, na programu ya kuonyesha picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe ku ordinatere ya kila mmoja. Picha ilibadilishwa kama mara tatu kwa dakika. Mbona polepole vile? Kwa sababu birika yenyewe haikujaa haraka! Mwezi wa Novemba 1993 picha ile iliingia ndani ya intaneti, na watu wa inchi zote walifungua ukurasa kuangalia kahawa ya watu wengine. Kamera ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001.

Msicheke tu. Wale wa Cambridge walijua jambo ambalo watengenezaji wengi wanalisahau: unauliza kwa mwendo wa kitu chenyewe. Ukiuliza kila sekunde juu ya kitu kinachobadilika mara moja kwa siku, unatupa feza. Ukiuliza kila sekunde 30, habari itachelewa sekunde 15 kwa wastani, na kwa mambo mengi ya dunia sekunde 15 si kitu.

Tufanye hesabu, maana hesabu inamaliza mabishano. Tuseme ombi pamoja na jibu lake, hata jibu la "hakuna mpya", vinakula okteti 1.000. (Si nyingi. Kila ombi linabeba kichwa cha barua: jina la navigatere, luga inayotakiwa, alama za kujitambulisha, na kadhalika.) Ukurasa unauliza kila sekunde 2. Saa moja iko na sekunde 3.600, basi ni maombi 1.800, ni kusema okteti 1.800.000, karibu mega 2. Kalasi ya watu 40 inatumia mega 72 kwa saa moja. Na kama habari ilitoka mara moja tu, kila mmoja alituma maombi 1.799 bure. Kwa upande wa serveri ni mbaya zaidi: watu 10.000 wanaouliza kila sekunde 2 ni maombi 5.000 kwa kila sekunde. Kumbe serveri inaanguka saa ile ile watu wanaihitaji, na wanaoiangusha ni wale wanaongoja.

Na hapa tumehesabu ombi dogo. Mtu anayefungua upya ukurasa mzima kwa kidole anaweza kuomba tena picha, rangi na kila kitu. Kuomba kipande kidogo tu, bila kufungua ukurasa upya, kuliletwa na Microsoft mwaka 1999 ndani ya Internet Explorer 5. Kwa miaka mingi watu wengi hawakuangalia sana kile chombo. Mwaka 2005 Jesse James Garrett aliipa namna ile jina la Ajax, na jina likaenea upesi.

Kuna dawa nyingine ya kupunguza hasara. Serveri inaweza kutia alama juu ya kila jibu. Navigatere ikirudi, inaonyesha ile alama: "Niko na hii tayari." Kama hakuna kilichobadilika, serveri inajibu kwa namba 304, bila maneno mengine. Ni kama mdogo anayekwenda na nakala ya orodha ya zamani, na sekretere anatikisa kichwa tu.

Wengi wanadharau kuuliza-uliza. Sisi hatuidharau, kwa sababu iko na sifa moja kubwa. Ukiuliza na jibu halikuja, unajua pale pale kwamba mstari umekufa. Mdogo asiporudi, unajua kuna neno. Tushike sifa hii, tutairudilia.

Kuuliza na kungoja

Namna ya pili: unamwambia mdogo, "Keti ku banki mbele ya buro. Usirudi bila habari." Navigatere inatuma ombi, na serveri haijibu. Inalishika ombi mkononi. Habari ikitoka, inajibu mara moja. Navigatere inapokea na kutuma ombi lingine, mdogo anarudi kuketi. Mwaka 2006 Alex Russell aliita namna hizi Comet.

Lakini huwezi kumketisha mdogo milele. Mashini zilizo katikati ya njia, zikiona mstari umenyamaza muda mrefu, zinaukata bila kuaga. Karatasi ya kanuni RFC 6202, ya mwezi wa Aprili 2011, inaeleza kwamba majaribio mengine yalifaulu hata kwa sekunde 120, lakini sekunde 30 ni salama zaidi. Basi kila sekunde 30 serveri inasema "hakuna bado", na mdogo anaanza upya. Kwa mfano wetu wa saa moja, maombi 1.800 yanakuwa kama 120. Na habari ikitoka, inafika mara moja.

Kuna tundu moja. Mdogo amepewa habari, anakimbia interna. Wakati ule ule habari nyingine inatoka, na banki iko tupu. Nani ataipokea? Kama serveri haitunzi habari kwa namba, ile imepotea. Dawa ni kwamba mdogo akirudi, anasema: "Ya mwisho niliyopata ni namba 41." Sekretere anampa 42 na 43 pamoja.

Na banki yenyewe inajaa. Serveri za zamani ziliweka mfanyakazi mmoja kwa kila mstari. Mistari elfu kumi ya kungoja ni wafanyakazi elfu kumi wasiofanya kitu, kila mmoja na fasi yake ya kukumbuka. Dan Kegel aliandika juu ya shida hii mwaka 1999. Serveri za kizazi kilichofuata, kama nginx ya Igor Sysoev iliyotolewa mwaka 2004 na Node.js ya Ryan Dahl ya mwaka 2009, zinampa mfanyakazi mmoja mistari mingi: anamtazama kila mngojaji wakati kuna neno la kumwambia tu.

Jibu lisilokwisha

Hapa tutakaa zaidi, kwa maana namna hii ndiyo tunaipenda, na si watu wengi wanaijua.

HTTP inasema: ombi moja, jibu moja. Lakini haisemi jibu linapashwa kuwa fupi. Serveri inaweza kuanza kujibu, iandike mstari mmoja, inyamaze dakika kumi, iandike mstari mwingine, na kuendelea vile bila kumaliza. Sekretere ameanza kusoma orodha kwa sauti kupitia kidirisha, na hajamaliza. Netscape walijaribu jambo la ukoo huu tangu mwaka 1995. Mwaka 2004 Ian Hickson alianza kuliandikia kanuni, Opera ikawa ya kwanza kulijaribu mwaka 2006, na tarehe 3 Februari 2015 baraza la W3C lilitoa kanuni rasmi. Jina lake ni Server-Sent Events, ni kusema habari zinazotumwa na serveri.

Angalieni uzuri wake. Kile serveri inatuma ni maandiko tu, ambayo mtu anaweza kuyasoma kwa macho:

id: 42
data: Bao! Sisi 2, wageni 1

id: 43
data: Mapumziko

Mstari mtupu unamaliza habari moja. Ndiyo yote. Ndani ya ukurasa, mtengenezaji anaandika neno moja, EventSource, pamoja na adrese, na navigatere inafanya kazi iliyobaki. Kazi gani? Mstari ukikatika na navigatere ikaona, inangoja kidogo na kuunganisha tena yenyewe, bila mtu kuandika programu juu ya ile. Na ikirudi, inasema yenyewe ndani ya kichwa cha barua: "Ya mwisho niliyopata ni 43." Lile tundu la banki tupu limezibwa na kanuni yenyewe. Lakini serveri inapashwa kukubali kutunza zile za nyuma. Navigatere inaonyesha namba, haiwezi kuumba habari iliyotupwa.

Tulijaribu sisi wenyewe. Ordinatere moja ya zamani ikawa serveri, telefoni tatu, Wi-Fi ya chumba kimoja, bila intaneti ya nje na bila forfe. Mmoja wetu alitoka na telefoni mpaka nyuma ya jiko, fasi Wi-Fi haifiki. Tulitangaza mabao matatu. Aliporudi, yote matatu yaliingia kwa mfuato wake, kabla yeye hajagusa kitu. Mwalimu mmoja aliyetutazama alisema ni kama barua zilizomngoja ku posta.

Bei yake? Tufanye hesabu tena. Kusudi mashini za katikati zisikate mstari, serveri inatuma alama ndogo kila sekunde 15: mstari unaoanza na nukta mbili, ambao navigatere inauacha. Pamoja na bahasha zote za njiani, tuseme okteti 130. Kwa saa moja ni alama 240, okteti 31.200. Tulinganishe na zile 1.800.000 za mbele. Yule mfinaliste angeweza kungoja siku mbili nzima kwa bei ya saa moja.

Kasoro ziko. Chini ya HTTP ya zamani, navigatere inafungua mistari 6 tu kwa serveri moja. Ukifungua ukurasa ule mara saba, wa saba unangoja mlangoni. HTTP/2 ya mwaka 2015 inapitisha mazungumzo mengi ndani ya mstari mmoja, na shida ile inaondoka. Tena mashini zingine za katikati zinapenda kukusanya jibu lote mbele ya kulipitisha, na jibu letu halikwishi, basi halipiti! Mwenye kutunza serveri anapashwa kuziambia ziache. Na wale wanaotumia Opera Mini kwa namna yake ya kubana sana kusudi kupunguza mega, wajue kwamba pale ukurasa unatayarishwa mbali na kutumwa umekwisha kupikwa. EventSource haifanyi kazi, WebSocket vile vile. Kwao inabaki kuuliza kwa kidole.

Kunyamaza kwa aina mbili

Sasa turudi kwa lile swali: mstari ukikatika, nani anajua?

Ukurasa ukinyamaza, kuna sababu mbili. Labda hakuna habari. Labda habari ziko nyingi lakini mstari umekufa. Kwa macho, kunyamaza kote kunafanana. Mtu ameketi mbele ya "2 kwa 1" na kumbe mchezo umekwisha 2 kwa 4. Kwa mpira tutacheka. Lakini fikirini ukurasa wa hospitali unaoonyesha damu iliyobaki kwa kila kundi, ao ukurasa wa maonyo ya mto unaojaa. Habari ya zamani yenye sura ya habari mpya ni mbaya kuliko kukosa habari, kwa maana anayejua kwamba hajui atapiga telefoni, ao atamtuma mtu.

Na mistari mara nyingi inakufa bila kusema kwaheri. Telefoni inapita nyuma ya kilima, ao kuriani inakatika ku anteni. Hakuna aliyefunga mlango. Anayetuma atajua baadaye, kwa sababu barua zake hazipati jibu. Anayesikiliza tu hajui kitu. Kanuni za chini za mistari ziko na namna ya kuulizana "ungali pale?", lakini RFC 1122 ya mwaka 1989 inataka iwe imezimwa mpaka programu iombe, na muda wake wa kawaida usipungue saa mbili. Saa mbili! Egzameni inakwisha.

Kwa hiyo msidanganywe na ile kazi nzuri ya EventSource ya kuunganisha tena. Inaunganisha wakati inaona mstari umefungwa. Mstari uliokufa kimya haiuoni. Na alama ile ya nukta mbili kila sekunde 15 inapita chini, programu ya ukurasa haipewi. Dawa ni hii: serveri itume pigo la moyo kama habari ya kweli, yenye jina lake, na ukurasa uwe na saa yake. Sekunde 45 zikipita bila pigo, ukurasa ufunge mstari wenyewe, ufungue mwingine, na wakati ule uandike kwa rangi nyekundu: "Mstari umekatika. Habari ya mwisho ilifika saa 8 na dakika 12." Mistari kumi ya programu inatosha. Sisi tunaona ukurasa wowote wa habari za moja kwa moja usioonyesha saa ya habari ya mwisho ni ukurasa ambao haujakwisha kutengenezwa, hata ukiwa na picha nzuri namna gani.

Neno lingine dogo juu ya kurudi. Serveri ikianguka na watu 10.000 wakirudi wote ndani ya sekunde moja, wataiangusha tena. Kila ukurasa ungoje muda wake, wa bahati, na muda ule uongezeke kila mara unaposhindwa. Ni kama kutoka ndani ya chumba chenye mlango mmoja. Tena EventSource ikijibiwa kwa namba ya kosa, kama 500 ao 503, inaacha kabisa, hairudi. Hapo ni programu ya ukurasa inapashwa kuianzisha upya. Serveri ikijibu 204, maana yake: "Mambo yamekwisha, usirudi," na ile ni ya heshima.

WebSocket

Namna ya nne ni telefoni yenyewe: wote wawili wanasema, wote wawili wanasikia, wakati wowote. Kanuni yake ni RFC 6455 ya mwezi wa Desemba 2011. Navigatere inagonga kwa HTTP kama kawaida, lakini inasema: "Naomba tubadilishe luga." Serveri ikikubali inajibu namba 101, na toka pale HTTP imekwisha. Vichwa vya barua vinakuwa vidogo sana: kwa habari fupi, okteti 2 kutoka serveri, na 6 kutoka navigatere, kwa maana navigatere inapashwa kuficha maneno yake kwa ufunguo wa okteti 4 kusudi mashini za zamani za njiani zisichanganyikiwe.

Ni chombo chenye nguvu, na fasi yake iko: watu wawili wanacheza sataranji, watu watano wanaandika karatasi moja, kuongea kwa maandiko na majibu ya upesi. Pale kila upande uko na mengi ya kusema.

Lakini tumeona watu wakiikimbilia kwa sababu tu jina lake linasikika. Wanaitumia kutangaza mabao, ambapo msikilizaji hana neno la kujibu. Na inawadai kazi ambayo EventSource inawapa bure. WebSocket haiunganishi tena yenyewe. Haikumbuki namba ya habari ya mwisho. Kanuni yake iko na alama ya kuuliza "ungali hai?" na alama ya kujibu, serveri inaweza kuituma na navigatere inajibu, lakini programu ya ukurasa haiwezi kuituma wala kuiona. Basi mtengenezaji anaandika kurudi kwake, hesabu yake, pigo lake la moyo, na akiishakumaliza ameumba upya, kwa makosa mapya, kitu kilichokuwa tayari.

Ukurasa ukiwa umefungwa, hakuna hata moja ya namna hizi nne inayosaidia. Pale kuna Web Push, RFC 8030 ya mwaka 2016: habari inapita kwa serveri ya wenye navigatere, na telefoni inashika mstari mmoja tu kwa ajili ya kurasa zote. Unapashwa kwanza kukubali, na msikubali kila ukurasa unaowaomba, ama telefoni italia usiku mzima.

Tuseme sasa juu ya wafinaliste wetu. Ukurasa wa matokeo unabadilika mara moja. Kama ungetengenezwa na sisi, tungeweka jibu lisilokwisha lenye pigo la moyo, na kwa navigatere zisizoliweza, kuuliza kila dakika moja pamoja na ile alama ya 304. WebSocket hapana. Na betri: kila ombi dogo linaamsha redio ya telefoni, na redio ikiisha kuamka haichelewi kula kuriani, inabaki macho sekunde kadhaa mbele ya kulala tena. Anayeuliza kila sekunde 2 hairuhusu kulala hata mara moja. Fasi ambayo kushariji kunalipwa, ile nayo ni feza.

Wenye kutaka kuona kwa macho, jaribio letu litafanywa tena siku ya tatu mchana, kiisha masomo, ndani ya chumba cha fizika. Tutaweka telefoni mbili karibu karibu, moja inauliza-uliza, moja inasikiliza, na tutahesabu okteti za kila moja ubaoni. Kiisha tutaondoa waya ya anteni bila kusema, na ninyi mtatuambia ni ukurasa gani umejua. Forfe haihitajiki. Telefoni ije imejaa kuriani.